Mkono Uliojua Kungoja

Kila siku baada ya swala ya alasiri, mkono wa Mzee Ussi ulianza kushona.

Ulikuwa mkono wa chuma chepesi, umefungwa ukingoni mwa meza karibu na dirisha, na vidole vyake vilivikwa mpira laini visije vikakwaruza kitambaa. Watu wa Wete waliuita mkonomwangwi. Mshonaji alivaa glavu nyembamba kwa miezi kadhaa huku akishona kofia zake, na glavu ikajifunza kila kitu: kasi yake, mtetemo wake, jinsi anavyovuta uzi. Baada ya hapo mashine iliweza kushona kofia yoyote kama ambavyo mtu huyo angeishona.

Mzee Ussi alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Mkono wake ulikuwa bado unashona.

Mkewe, Bi Mize, alikaa upande wa pili wa meza na kofia yake mwenyewe. Uzi ulipomwishia, aliinua sindano kwenye mwanga wa dirisha na kuanza kuhangaika na tundu lake, maana macho yalikuwa yamechoka. Hapo mkono ulisimama. Jicho dogo la mashine lilikuwa limemwona, na mashine ilikumbuka kwamba kila Bi Mize alipoinua sindano, Mzee Ussi aliacha kushona akamngoja, ili asije akamwacha nyuma.

"Taratibu, Mize," alikuwa akimwambia enzi zake. "Kofia hii haina miguu. Itakimbilia wapi?"

Uzi ulipoingia na sindano kushuka, mkono nao uliendelea. Hakuna aliyempenda Bi Mize kwa namna hiyo kabla wala baada ya mzee yule.

Nyendo zile zilizonaswa na glavu, ambazo nazo ziliitwa mkono, hazikukaa ndani ya mashine. Zilihifadhiwa katika ghala la Baraza la Sindano, tovuti ya watu wanaoshona kofia kwa kujifurahisha, kuanzia Pemba mpaka Lamu na Ngazija. Wanabaraza walikuwa wamepiga kura zamani: mkono wa mtu utakaa mahali pamoja tu, usinakiliwe, viwanda visije vikaugeuza mtumwa. Mashine ya nyumbani iliuazima kila alasiri na kuurudisha jioni. Ili kuuazima, Bi Mize aliandika nenosiri alilolichagua mumewe: kahawabilasukari. Lilikuwa dongo kwake, kwa vile alimnyima sukari tangu daktari alipomkataza. Kila alipoliandika alicheka kidogo.

Kila mwezi ghala lilimletea ujumbe uleule. Nenosiri hili ni la zamani, tafadhali libadilishe na uweke ufunguo wa pili. Akigusa kukubali, liliuliza swali: Je, mwenye mkono yu hai? Chini yake palikuwa na majibu matatu. Ndiyo. Amefariki. Nitajibu baadaye.

Bi Mize hakuweza kusema uongo. Na lile la pili kidole chake kilikataa kuligusa. Alikuwa ameshaliambia kaburi, majirani, msikiti na ofisi ya vizazi na vifo. Mashine peke yake ndiyo ilikuwa haijaambiwa. Basi kwa miezi thelathini na sita aligusa baadaye.

Jumatatu moja mkono haukuamka. Aliandika nenosiri, ghala likamkatalia. Aliandika tena, herufi moja moja, likamkatalia. Kabla hajajua la kufanya, simu yake iliita. Alikuwa Bi Subira wa Mkoani, rafiki yake wa Barazani tangu siku nyingi.

"Shoga, mzee wako kanitumia salamu asubuhi hii."

"Salamu gani?"

"Ananiuzia dawa ya kuotesha nywele. Ussi! Na kipara chake kile!"

Walicheka wote wawili.

"Mize," alisema Bi Subira kwa sauti ya chini. "Kuna mtu kaingia kwenye akaunti yake."

Fundi wa Baraza, binti aliyeitwa Raya, angeweza kuzungumza na Bi Mize kwenye kioo cha ukutani. Lakini alipanda gari la angani kutoka Chake akaja mwenyewe, na alivua viatu mlangoni ingawa aliambiwa aingie tu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wamemchukua?"

Raya alikaa chini kabla ya kujibu. "Wamemchukua, bibi. Nenosiri hili, umewahi kuliandika mahali pengine?"

Bi Mize alifikiri. "Kwa wale wa achari. Kuna tovuti ya akina mama, tunapeana mapishi ya achari za ndimu na maembe. Nililiweka hilohilo. Ndilo pekee ninalolikumbuka."

"Tovuti ile haina mlinzi tena. Mwenyewe aliiacha zamani. Wadukuzi waliingia wakachota majina na maneno ya siri yote, kisha wakaipa mashine yao kazi ya kuyajaribu kwenye kila mlango duniani. Lako likafungua huku. Ufunguo wa pili ungewazuia."

"Najua."

"Sikulaumu, bibi."

"Najua, mwanangu. Lakini mimi nimeacha mlango wazi kwa ajili ya achari."

Raya hakucheka, wala hakujaribu kumfariji haraka. Alieleza kwamba wezi huuza mikono ya washonaji wazuri kwenye viwanda vya mbali, na dawa ya nywele ilikuwa biashara ya pembeni tu. Waliuhamisha mkono, wakafuta nafasi yake ghalani. Kwa kuwa haukuwa na nakala, usipopatikana huko ulikopelekwa, basi. Aliahidi kuutafuta.

Kwa siku kumi na sita Bi Mize alikaa mezani kila alasiri na hakushona. Siku ya kumi na saba Raya alirudi, na usoni mwake hamkuwa na furaha wala huzuni kamili.

"Nimeupata, bibi. Ulikuwa kiwandani, ukishona kofia mia nane kwa siku. Wamelazimika kuurudisha. Ila kabla hujauona..."

"Washa."

Mkono uliamka. Ulichukua sindano kwa kuilaza kidogo kushoto, na Bi Mize akashika kifua, maana ni yeye, ni Ussi, hakuna mwingine aliyeshika sindano hivyo. Ulishona vitundu vya nakshi vitatu, vinne, kumi. Alichukua kofia yake, akainua sindano kwenye mwanga wa dirisha.

Mkono haukusimama.

Aliinua sindano juu zaidi. Mkono ulimaliza mstari, ukaanza mwingine.

"Kiwandani hukata kwanza muda wa kungoja," Raya alisema. "Kwao ni hasara. Waliukata wote, bibi, wakautupa. Nimeutafuta kila mahali."

Bi Mize aliutazama mkono ukikimbia peke yake.

"Uzime, mwanangu. Usije ukachoka bure."

Raya aliuzima. Kisha akafungua ukurasa wa Baraza, kwa sababu sheria ilimtaka afunge akaunti iliyoibiwa, na swali likatokea kwenye kioo. Je, mwenye mkono yu hai? Raya aligeuza uso akatazama nje. Alimwachia ajibu mwenyewe.

Bi Mize alitazama yale majibu matatu. Aligusa la katikati.

Kioo kiliandika: Asante. Taarifa imepokelewa.

Alikwenda jikoni kuchemsha kahawa, akachukua muda mrefu kuliko kahawa inavyohitaji. Aliporudi, Raya alikunywa kikombe chake chote, ingawa haikuwa na sukari, akambusu bibi mkono akaondoka. Ndipo Bi Mize alipoona mto wa sindano. Sindano kumi na mbili zilikuwa zimechomekwa pale kwa mstari, zote zimeshatiwa uzi. Binti yule alikuwa amezitia wakati kahawa ikichemka.

Bi Mize alichukua ya kwanza, akachukua na kofia ambayo mkono wa mumewe uliiacha nusu. Alishona mpaka uzi ukamwishia. Sindano ya pili ilikuwa tayari mbele yake, hakukuwa na sababu ya kukawia.

Hata hivyo aliacha kushona. Aliweka mikono mapajani, akautazama ule mkono wa chuma uliolala, akangoja kidogo.