Mzizi Kidevuni mwa Siok-un

Taya la Siok-un lilianza kuvuma saa nne asubuhi, likiwa mezani na mifupa yake mingine, chini ya mwavuli wa kuikinga na jua.

Mumewe, Mzee Liau Tek-sing, hakushtuka. Miaka thelathini na minane alikuwa akifukua wafu wa watu, kwa desturi ya huko kusini mwa Taiwan, akiisafisha mifupa na kuipanga mtungini, miguu chini, fuvu juu, marehemu aketi kwa heshima. Alizoea kusema wateja wake ndio pekee wasiolalamika. Kila tundu la mfupa alilijua: la kidevuni, unamotokea mshipa wa fahamu kwenda mdomoni, vijitundu vya paja, vilivyopitisha damu. Mzizi usibaki hata kwenye kimoja. Ukibaki, aliye hai katika ukoo ataugua palepale.

Kanuni nyingine ilisema usifukue wafu wako mwenyewe. Hiyo aliivunja, mkewe alipotimiza miaka saba kaburini. Nani mwingine angejua Siok-un ana mtekenyo kiunoni?

Kwenye tundu la kushoto la kidevu ulichomoza mzizi, mwembamba kama uzi. Upepo haukuwapo, lakini taya lilivuma wimbo aliouimba Siok-un kila alipomenya tangawizi.

"Umerudi, mama Bi-hui?" alinong'ona.

Harufu ya tangawizi ikajaa uani. Mzizi hakuung'oa. Mtungi akauweka jikoni, akaandaa mabakuli mawili, lake na la mkewe.

Siku ya tisa binti yao, Bi-hui, akapiga simu kutoka Taipei.

"Baba, kidevu kimekufa ganzi, upande wa kushoto. Chai inanichuruzika kama mtoto!"

"Umenitangulia uzee?"

"Usinitanie, Baba. Daktari haoni kitu. Nikinyamaza, kuna kitu kinaimba ndani ya mfupa."

Tek-sing akafunua mtungi, na mle ndani mizizi ilikuwa imejaa, myeupe kama tambi, ikiingia tundu hili na kutokea lile, juu ya macho, uti wa mgongo, nyonga, ikipumua taratibu huku wimbo ukipanda bila kukosea hata sauti moja.

Siok-un, alipokuwa hai, hakuwahi kuupatia mstari wa tatu wa wimbo huo. Kitu hiki kiliupatia tangu siku ya kwanza, naye alisikia, akajifanya kiziwi.

"Samahani, mama Bi-hui," alisema, akashika kibanio. Aling'oa hadi jua likazama. Kimya kikarudi, kilekile cha miaka saba.

"Baba, nimepona!" Bi-hui alicheka simuni.

Tek-sing akajipakulia uji, bakuli moja. Ukamchuruzika kidevuni, upande wa kushoto, asihisi. Ndani ya mfupa wake mwenyewe wimbo ukaanza. Akausikiliza mpaka mstari wa tatu. Ulikuwa sahihi.

Akainuka kufuata bakuli la pili.