Mtoto Aliyefungwa kwenye Cherehani

Wifi yangu ni fundi cherehani. Chumba chake na changu vimetenganishwa na ukuta mmoja, tena mwembamba. Akikohoa nasikia. Asubuhi mimi naanika nguo za watu ninazofua, na yeye huko ndani ameshaanza kushona. Mume wake ni kaka yangu, dereva wa lori. Akiondoka leo, tunamwona mwezi ujao. Kwa hiyo nyumba ile ni ya wifi na mwanawe wa kike, tunayemwita Kinda.

Kinda alikuwa na miaka minne. Kutwa alikaa sakafuni, karibu na miguu ya mama yake. Kiunoni alifungwa mkanda wa kitambaa, na ncha ya pili ilifungwa kwenye mguu wa cherehani. Mkanda ulimfikisha kwenye kapu la vipande vya nguo, basi. Mlangoni haukumfikisha. Wateja walikuja kupimwa, wakamwona, wakamsifu. Mtoto mtulivu huyo. Hasumbui. Mwenzetu umebahatika. Nilikuwa nikisikia maneno hayo nachukia mpaka naacha kufua. Mtoto wa miaka minne asiyesumbua, huyo ni mtoto au ni mto wa kochi?

Lakini msimlaumu haraka. Kabla ya Kinda palikuwa na kaka yake. Nyuma ya nyumba zetu mwenye nyumba alichimba shimo la choo, kisha akaliacha wazi. Mvua ikalijaza maji. Siku moja watoto walikuwa wakicheza mpira, mpira ukaingia humo, na yule mtoto akaufuata. Tulimtoa ameshakufa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wifi alizika, akarudi, akafunga mlango. Kinda alipozaliwa, alilelewa nyuma ya mlango huo.

Wifi alikuwa akisema mtoto atatoka nje akishapata akili ya kujiangalia. Nikimuuliza akili hiyo ataipata wapi, ananuna siku nzima. Nami wifi ni wifi. Nikisema sana nitaonekana namtafutia kaka yangu mke mwingine.

Ukafika wakati wa kumwandikisha Kinda chekechea. Tulikwenda wote watatu. Wifi alimbeba mgongoni mpaka getini. Mwalimu, mama wa makamo mwenye sauti ndogo, akaomba mtoto ashushwe. Jua lilimchoma Kinda macho, akayafumba. Mbele ya darasa palikuwa na ngazi mbili tu. Akapiga magoti, akazipanda kwa mikono kama mtoto anayetambaa. Mtoto mmoja akamsogezea ndoo ya mchanga ili wacheze. Kinda akamng'ata mkono.

Watoto wakacheka, wakamwita bibi kizee. Wifi akamnyakua mwanawe kwa aibu. Mwalimu hakucheka wala hakugomba. Alimtazama Kinda miguu, kisha akauliza huwa anachezea wapi. Wifi akajibu kwamba anachezea ndani. Mimi, kwa kuwa mdomo wangu hauna kufuli, nikausema ule mkanda. Wifi alinitupia jicho la kuniua.

Mwalimu alitutuma kwanza kliniki. Huko daktari alisema miguu ya Kinda imeanza kupinda. Ni matege, ugonjwa wa mifupa laini. Akaeleza kwamba jua likigusa ngozi, mwili hutengeneza vitamini inayosaidia mifupa kuwa imara. Mtoto anayekaa ndani siku zote huikosa. Akampa dawa ya matone, akataja mayai, samaki na maziwa, na akasisitiza mtoto atolewe nje kila siku. Njiani wifi akasema dawa atampa, mayai atampa, na jua litamfuata dirishani.

Jioni mwalimu akaja nyumbani. Alimkuta Kinda sakafuni, mkanda kiunoni, akaketi naye hapohapo chini. Akamweleza wifi kwa upole kwamba dawa itasaidia mifupa, lakini haimfundishi mtoto kukimbia. Mtoto akikimbia, akiruka na kupanda, misuli inapata nguvu na mwili unajifunza kujizuia usianguke. Akicheza na wenzake anajifunza kuzungumza, kungoja zamu, na kushindwa bila kung'ata mtu. Hata kuijua hatari anajifunza hukohuko, kidogo kidogo, mtu mzima akiwa karibu.

Wifi aliacha kushona.

"Mwalimu, umewahi kuosha maiti ya mwanao?"

"Sijawahi."

"Basi usinifundishe."

Nilidhani mwalimu ataondoka. Nikamdokeza habari za kaka yake Kinda na lile shimo, naye akauliza shimo lenyewe liko wapi. Nikamwambia liko palepale, nyuma, na bado liko wazi. Kila mama aliwaonya wanawe, na waliolisogelea walichapwa. Wifi tangu siku ile hakuwahi kukanyaga huko.

"Mama Kinda," mwalimu akasema, "mwanao aliuawa na mchezo au na shimo?"

Wifi alilia kilio ambacho hakukilia hata msibani. Miaka yote ile tulikuwa tunafunga watoto, shimo tunaliacha.

Kesho yake wifi alikwenda kwa mwenye nyumba. Yule bwana akaanza hadithi zake, fundi atakuja, fundi atakuja. Wifi akamwambia hatuombi tena, tutalifukia wenyewe, na siku akitaka kulichimba upya aanze kwa kumzika wifi mwenyewe humo.

Majirani tukatoka na ndoo na makoleo. Tulikumba maji kwanza. Wifi akatuomba tutafute kandambili moja ya mwanawe, ambayo haikuonekana siku ile. Tulipapasa kwenye tope mpaka tukachoka. Hatukuipata. Akachukua koleo, akatupa udongo wa kwanza mwenyewe.

Juu ya udongo tukamwaga mchanga. Fundi magari wa jirani akatupa matairi mabovu, tukayafukia nusu. Mwalimu alisema watoto hawahitaji vitu vya duka. Mchanga, kamba na matairi vinatosha, pamoja na mtu mzima anayewatazama. Akasisitiza kwamba awatazame wao, si simu. Akina mama tukapanga zamu.

Wifi akaufungua ule mkanda, lakini Kinda hakwenda kokote. Siku za mwanzo alikaa ukutani, mkono kiunoni, pale mkanda ulipokuwa. Iliniuma. Watoto wakimwita bibi kizee nilishika fimbo. Mwalimu akanikataza, akasema nimpe mmoja wao kazi ya kumshika mkono. Nilifanya hivyo, na siku zikapita, na Kinda akaanza kuingia mchangani. Miguu yake inanyooka, ila bado. Maneno bado anayakata. Miaka ya sakafuni hairudi kwa wiki mbili. Na wewe unayesoma haya, ukisikia mtoto wa jirani anasifiwa kwa utulivu, hebu chungulia.

Alasiri moja zamu ilikuwa yangu. Wifi alikuwa ndani anamalizia gauni la mteja. Kinda akapanda tairi, akateleza, akapanda tena, akasimama juu yake. Kisha akaita kwa nguvu zake zote:

"Mama!"

Hatukuwa tumewahi kuisikia sauti hiyo. Mtoto anayekaa miguuni pa mama yake, apaze sauti amwite nani? Wifi naye mara ya mwisho kuitwa kutoka nyuma ya nyumba, aliitwa kuja kumtazama mwanawe aliyetolewa majini. Alitoka mbio, miguu mitupu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alipotufikia hakuwa na pumzi.

"Niangalie," Kinda akasema.

Wifi akaketi chini, juu ya udongo aliouweka kwa mikono yake.

"Nakuangalia, mwanangu," akasema. "Ruka."