Saa Mbili Mbele ya Mkaa

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumapili ya pili ya Novemba, Mwalimu Hirosawa Genjiro aliinama mbele ya sanduku la mbao kama alivyoinama maisha yake yote, akainua kifuniko, akabaki ameinama vile vile. Ndani hamkuwa na kitu. Kinyago cha mwanamke kijana, chenye umri wa miaka mia nne, ambacho watu wa nyumba yake ya waigizaji hukiita "uso", kilikuwa kimetoweka.

Onyesho halikusimama. Pale Kyoto jukwaa la Noh, mchezo wa kale wa vinyago, halisimamishwi kwa msiba, sembuse kwa wizi. Akinori, mkwe wa Mwalimu, ambaye siku hiyo angeuvaa uso ule kwa mara ya kwanza, alivalishwa kinyago kingine, na saa nane u nusu akaingia jukwaani. Mchezo ulipokwisha, milango ilifungwa na kila mkoba ukapekuliwa. Saa kumi na robo Inspekta Kuwabara Tomoe alivua viatu mlangoni akiwa amenuna. Alikuwa na mafua, Jumapili yake imeharibika, na mapokezi hayakumpendeza hata kidogo.

"Mwizi tumeshampata," Mwalimu alimwambia kabla ya salamu. "Yuko chumba cha chai. Mwanafunzi kutoka Nepali. Mchukueni aseme uso uko wapi."

"Mmemkuta nao?"

"Tumemkuta na hiki." Alimpa daftari. Ukurasa mzima ulikuwa na picha ya uso ule, umechorwa kwa penseli. "Na saa saba na dakika kumi mke wangu alimfumania ukumbi wa nyuma, hatua tano kutoka chumba cha kioo tunapovalia vinyago, linapokaa sanduku. Nimeshapiga simu chuoni kwao. Kesho asubuhi wanakaa kikao. Polisi wakimshika, ufadhili unakatwa na anarudi kwao."

"Umefanya haraka, Mwalimu."

"Na wewe ungefanya haraka tungekuwa tumemaliza."

Kuwabara alilimeza jibu lake pamoja na kikohozi, akaomba atajiwe saa za kila tukio. Uso ulionekana mara ya mwisho saa sita na dakika ishirini, mchezo wa kwanza ulipokwisha. Sanduku halina kufuli. Nyumba ile haikuwahi kulihitaji. Kutoka hapo hadi saa nane na dakika kumi, waigizaji walikuwa pamoja wakila na kuvalishana, na watazamaji walikuwa ukumbini na vyakula vyao vya boksi, mke wa Mwalimu akipitapita kati yao. Watu wa nyumba waliokuwa peke yao ni wawili: Akinori, na Mzee Tsuruga Kazuomi, mpiga ngoma ya paja.

Akinori aliulizwa kwanza.

"Nilikuwa bustanini natapika," alisema.

"Umekula nini?"

"Hofu, afande. Sikuwa tayari kuuvaa uso ule, na kila mtu humu anajua."

"Uso ulipopotea ulijisikiaje?"

Kijana aliangalia mikono yake. "Kusema kweli, nilishukuru."

Kuwabara alilipigia mstari neno lile. Lakini mama mkwe wake, mke wa Mwalimu, alithibitisha, kwa uso wa mtu aliyelishwa limau, kwamba aliwaacha watazamaji na ndiye aliyekaa na kijana bustanini tangu saa saba na robo akimpa maji ya tangawizi, na kwamba kabla ya hapo alimwona kupitia dirishani amejikunja pale pale. Mstari ule ukafutwa.

Mzee Tsuruga, miaka sitini na mitatu, alikaa wima kana kwamba yeye ndiye anayehoji.

"Ngozi ya ngoma yangu hukaushwa juu ya mkaa saa mbili kabla ya kupigwa," alisema. "Kila mchezo na ngozi yake. Nakaa mbele ya jiko nageuza. Ukiipa kisogo inapasuka. Mlango ule hafungui mtu nikiwa kazini, hata Mwalimu."

"Na leo?"

"Saa sita na nusu hadi saa nane na robo. Sikunyanyuka hata kwenda haja."

"Unamshuku nani?"

"Nimshuku nani zaidi ya huyo mchoraji wenu?"

Mchoraji mwenyewe, Sarmila Chitrakar, miaka ishirini na mitatu, alikuwa amekaa kwenye mkeka kwa muda mrefu, na katika chumba hicho cha chai hakuna aliyempa chai.

"Kama umekuja kuuliza kama mimi ni mwizi, jibu nimeshawapa wenzako," alisema.

"Hapa sina wenzangu. Picha uliipata wapi?"

"Kwenye bango la mlangoni. Nilichora nikiwa kwenye foleni. Babu yangu anachonga vinyago, nilitaka aone. Na kule nyuma nilikuwa natafuta choo. Yule mama alinifukuza kama kuku aliyeingia jikoni."

"Basi nisimulie siku yako, tangu ulipoingia."

Sarmila alilivuta daftari akafungua alikoandika maswali ya kumpelekea profesa wake. Swali la kwanza lilihusu mikono ya waigizaji, la pili na la tatu mavazi. Kuwabara alikuwa anapenga kamasi aliposikia la nne.

"Kwa nini ngoma ya paja, katika mchezo wa kwanza, ililia kama kuni kavu zikipasuka, na katika mchezo wa pili ikalia kama mtu anapiga godoro? Nilidhani ni makusudi, labda ni sauti ya huzuni."

"Rudia."

Alirudia. Kuwabara aliondoka bila kuaga, akaenda kwenye chumba cha mkaa. Jiko lilikuwa limefunikwa. Alipofunua hakukuta jivu la kutosha hata kusugulia sufuria. Vipande vilikuwa vizima, vyeusi, vimeungua pembeni tu. Moto ule ulizimwa mapema.

Aliwakusanya wote chumba cha mavazi, Sarmila akiwemo.

"Nani alisikia ngoma ya paja katika mchezo wa pili?" aliuliza.

Waigizaji walianza kukunja mavazi yaliyokwisha kukunjwa.

"Masikio ndiyo kazi yenu. Mtu aliyekuja leo kwa mara ya kwanza amesikia, ninyi hamkusikia?"

"Hilo si jambo la kusemwa mbele ya watu," Mwalimu alisema kwa ukali.

"Kwa hiyo lipo."

Akinori ndiye aliyefungua kinywa. "Haikulia. Nilikosa hatua mara mbili nikiisubiri. Nilidhani ananikomoa."

"Mzee Tsuruga," Kuwabara alisema, "ngozi iliyokaa saa mbili mbele ya mkaa hulia. Yako haikukaa. Uliitoa motoni isipasuke, ukafunika jiko, ukatoka na uso ukijua kwamba mlango ule hafungui mtu. Ulikwenda wapi?"

Mzee hakutetereka. Alimgeukia Mwalimu, si mpelelezi.

"Nyumbani, kwa teksi. Uso uko mezani kwa Fumi."

"Fumi ni nani?" Kuwabara aliuliza.

"Binti yangu. Alipokuwa na miaka ishirini, ulimwahidi mbele yangu, Mwalimu, kwamba atauvaa. Ana arobaini na mmoja sasa. Kila mwaka anaambiwa mwakani. Leo umempa Akinori, aliyeingia kwa harusi miaka sita iliyopita na anatapika bustanini."

"Watazamaji wasingemkubali mwanamke kwenye mchezo ule," Mwalimu alisema.

"Hukuwauliza. Uliogopa wangekubali."

"Na huyu binti hapa?" Kuwabara aliuliza. "Umemsikia akiitwa mwizi, ukaongezea na lako."

Kwa mara ya kwanza Tsuruga alishusha macho. "Yeye angerudi kwao. Sisi tungebaki humu humu."

Mwalimu alikohoa. "Inspekta, madhali uso upo, ya nyumbani tuyamalize nyumbani. Mimi simshtaki mtu. Huyu mgeni aende zake."

"Mkuki kwa nguruwe, eti?" Kuwabara alisema.

Sarmila hakuinuka. "Umewaambia chuoni mimi ni mwizi. Wapigie."

"Nitawaandikia kwamba kitu kilipotea kikaonekana."

"Kikaonekana wapi, mkobani mwangu? Wapigie sasa hivi nikisikia. Useme kiliibwa, na kiliibwa na nani."

Mwalimu alimtazama Kuwabara akitafuta msaada.

"Usipopiga wewe nitapiga mimi," Kuwabara alisema, "na mimi nitaanza na ile ahadi ya miaka ishirini na mmoja."

Chuki iliyokuwa machoni mwa Mwalimu haikufichwa kwa adabu yoyote. Alichukua simu akapiga, akasema kwamba alikosea, kwamba mwanafunzi hana hatia. Halafu aliifunika simu kwa kiganja.

"Wanauliza jina lako."

"Hukuwapa?"

"Niliwaambia yule Mnepali aliyekuja leo."

Sarmila alimtajia jina lake lote, polepole, na Mwalimu akalirudia kwenye simu, akalikosea, akasahihishwa, akalirudia tena. Kisha upande wa pili wakamwuliza jina la mwizi. Hilo hakuhitaji kumwuliza mtu.