Mtaro Uliorudisha Maji

"Umeuziba! Sema ukweli, mzee, umeuziba mtaro kwa makusudi!"

"Niuzibe mimi? Niuzibe ili maji yaje kulala kitandani kwangu?"

"Basi yamerudije? Yamepotea njia?"

Watu wakacheka. Muuza Mkaa, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima, alisimama upande mmoja wa mtaro mpya, mikono kiunoni. Upande wa pili alikuwa Fundi Cherehani, suruali kaikunja hadi magotini, miguu imejaa tope. Nyuma yake, mlangoni, cherehani ilikuwa imepandishwa juu ya meza. Kwenye kamba zilining'inia sare za shule alizokuwa amezishona. Jana zilikuwa nyeupe, leo zilikuwa na rangi ya udongo.

"Tumevunjika migongo hapa," aliendelea Muuza Mkaa. "Setilaiti imesema kwako ni juu na kwangu ni chini. Maji yatoke kwako, yapite kwangu, yaende zake barabara kuu. Mvua moja tu, yamejaa kwako! Hukutaka kibaraza chako kivunjwe kupisha mtaro, ndiyo maana umetuharibia kazi."

"Kweli, tangu mwanzo alinuna," mtu akadakia.

Fundi aliwatazama majirani zake mmoja mmoja. Hakuna aliyemtetea. "Kama mtaa mzima unaniona mwongo," alisema polepole, "nitatafuta pengine pa kushonea."

Nyuma ya umati alisimama msichana mwenye ndoo tupu, aliyetumwa maji bombani. Mtaani walimwita Redio, kwa sababu habari ikiingia sikioni mwake haikai, hutoka ikiwa bado ya moto. Siku nyingine ugomvi kama huu angeutazama kutoka mstari wa mbele. Leo alijibanza nyuma ya mgongo wa Mwashi, akiomba asionekane. Ile habari ya setilaiti, aliyeileta ni yeye.

Ilikuwa hivi. Shangazi yake, ambaye Redio aliishi naye, alikuwa mchora ramani. Ofisi yao ilikuwa ikitengeneza ramani mpya ya miinuko na mabonde ya mji, na kazi nyingine aliifanyia nyumbani. Jioni moja alimwonyesha Redio picha mbili za mji zilizopigwa na setilaiti.

"Mbona zinafanana?" Redio aliuliza.

"Zinafanana, lakini hii imepigwa kutoka upande huu, na hii kutoka upande ule. Nyoosha kidole mbele ya pua. Fumba jicho moja. Haya, fumba la pili. Umeona?"

"Kidole kinaruka!"

"Kinaruka kwa sababu kila jicho linakiona kutoka upande wake. Kilicho karibu huruka zaidi ya kilicho mbali. Setilaiti ikiwa juu, kilele cha mlima kiko karibu nayo kuliko bonde. Kompyuta inapima kila kitu kimeruka kiasi gani, na hapo tunajua urefu wake." Kisha akampa miwani ya karatasi, kioo chekundu jicho la kushoto, cha buluu jicho la kulia. Picha mbili zikawa moja, na mapaa ya nyumba yakainuka kutoka kwenye skrini kana kwamba mtu angeweza kuyagusa.

Wakati huo mtaani kelele ilikuwa moja tu: maji ya mvua yanatoka kwa nani? Vichochoro vimepinda, kuta zimebanana, na kwa macho huwezi kujua wapi pameinuka. Kesho yake Shangazi akiwa nje anaongea na simu, Redio aliketi mbele ya kompyuta na kuichukua miwani haraka haraka. Mikono yake ya karatasi ilikuwa imekunjwa upande usio wake, naye akaivaa hivyo hivyo. Akautafuta mtaa wao. Kwa Fundi palikuwa juu. Kwa Muuza Mkaa palikuwa chini.

Kulikuwa na jambo la ajabu, nalo aliliona. Nyumba zote zilionekana kama mashimo, na miti kama visima. Moyo ukamwambia angoje, amuulize Shangazi. Lakini angoje nini, mtu mwenye habari kubwa kama ile? Alitoka mbio. "Shangazi kapima kwa setilaiti!" alitangaza bombani. "Kwa Fundi ni juu!"

Watu walimbeba juu juu kwa furaha. Mwashi peke yake, wakati wa kuchimba, alikuna kichwa. "Mbona hapa naona kama tunapanda?"

"Wewe na setilaiti nani anaona mbali?" Muuza Mkaa alimjibu, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Fundi naye aliinamisha kichwa, akakivunja kibaraza chake mwenyewe.

Sasa Redio aliiacha ndoo pale pale, akarudi nyumbani. Shangazi, aliyesafiri kikazi kabla mtaro haujaanza kuchimbwa na kurejea alfajiri ile, alikuwa akifungua mizigo.

"Shangazi, naomba nione tena mtaa wetu."

Safari hii Shangazi ndiye aliyemvalisha miwani. Nyumba zilisimama. Miti ilisimama. Na pale kwa Fundi palikuwa bondeni kabisa. Redio aliivua miwani.

"Shangazi, ukiivaa kinyume inakuwaje?"

"Kila jicho linapata picha ya mwenzake. Mlima unakuwa bonde, bonde linakuwa mlima. Kwa nini?"

Redio akamweleza yote, macho yakiwa sakafuni. "Nikasema umepima wewe," alimalizia. Shangazi aliizima kompyuta.

"Mimi sijapima mtaa huu," alisema. "Twende. Uliowatangazia ndio utakaowakanushia."

"Si uwaambie wewe tu?"

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

Redio alisimama juu ya rundo la udongo uliochimbwa, watu wote wakimtazama. "Fundi hajaziba mtaro," alisema. Kisha akawaeleza habari ya miwani. "Shangazi hakupima. Nilidanganya mimi. Na niliona picha haiko sawa, nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka. "Kumbe tumefuata miwani ya karatasi!" mtu mmoja alinong'ona. Redio alitamani ardhi ipasuke.

"Haya, nilisema mimi!" Mwashi akapaza sauti. Alileta mpira wake mrefu wa plastiki, akaujaza maji, ncha moja akaishika yeye kwa Muuza Mkaa, ya pili akamshikisha Shangazi kwa Fundi. Maji ndani ya mpira yalitulia usawa mmoja. Kwa Muuza Mkaa yalikuwa karibu na ardhi, kwa Fundi, kulikokuwa chini, yalimfika Shangazi kifuani. Sauti ya Muuza Mkaa, kwa mara ya kwanza, ikawa ndogo. "Mzee wangu, nisamehe. Leo hii hii tunaufukua upya."

Shangazi akamshika Redio bega. "Kuvaa miwani vibaya ni kosa la kawaida, hata sisi ofisini hutupata. Lakini uliona nyumba zimekuwa mashimo, ukajua kuna kasoro, ukaificha ili uwe wa kwanza kusema. Tena ukaweka jina langu mbele ili uaminiwe. Hapo ndipo kosa lilipogeuka uongo, na aliyelipia ni mtu asiye na hatia. Kipimo usicho na hakika nacho, sema huna hakika. Hakuna aibu."

Redio alishinda kwa Fundi siku ile, akifua sare moja baada ya nyingine. Tope lilikuwa gumu, vidole vikamchubuka. Watoto wenzake walipita wakimuuliza, "Redio, leo betri zimekwisha?" Aliinama akaendelea kusugua. Fundi naye alipangusa cherehani yake, kipande kwa kipande, huku wanaume wakichimba mtaro kuelekea upande wa pili.

Jua lilipoanza kushuka, Redio aliianika sare ya mwisho, akajifuta mikono, akataka kuondoka kimya kimya.

"We binti."

Akasimama, bila kugeuka. "Abee, babu."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Naona haya kukutazama."

"Basi usinitazame, tazama sahani," Fundi alisema, akifungua mlango. "Nawa mikono, mjukuu wangu. Ingia tule."