Nyumba Iliyokaa Langoni

Lipu ilikataa kukauka. Si nyumba nzima, ni sehemu moja tu ya ukuta wa barabarani, usawa wa kifua. Mbwana, mwashi wa kutoka Kondoa, aliikwangua akaipiga upya kwa chokaa safi, na jioni akaikuta imelowa tena, imegandwa na manyoya mafupi mekundu. Akayabandua kwa kucha, akanusa. Ng'ombe. Na yeye hakuwa na hata mbuzi.

Enzi hizo Dodoma ndiyo kwanza inajengwa. Reli ya Wadachi, Wajerumani, imefika, stesheni imesimama, na mpima wao kavuta kamba toka stesheni kupanda juu, kasema nyumba zote za mawe zikae sawa na kamba. Ilipokuta tembe za Wagogo, zile nyumba ndefu za udongo zenye paa bapa na zizi katikati, kamba haikuzunguka. Tembe zikabomolewa, wenyewe wakahamishwa na mifugo yao. Mbwana akapewa kiwanja kimoja kwa kazi yake ya stesheni, naye akajiona kafika. Akamleta mkewe Batuli na mtoto wao wa kwanza, Khamisi, aliyekuwa hajajua hata kukaa.

"Baba Khamisi," Batuli alinong'ona jioni moja, "kuna ng'ombe nje."

Mbwana akatoka kwa mlango wa ubavuni. Barabara nyeupe, hakuna kitu. Aliporudi, chumba kilinuka samadi mbichi.

Tangu hapo ikawa kila magharibi. Kwato zinapanda taratibu kutoka bondeni, zinafika ukutani, zinasimama. Halafu pumzi, nzito, upande wa pili wa jiwe. Hilo Batuli angelivumilia, maana alikuwa mwanamke wa moyo. Lililomshinda ni la ndani. Akikaa mkekani kumnyonyesha Khamisi, alisikia vijikwato vikitambaa sakafuni gizani, vikimjia, na kabla mtoto hajashika ziwa kitu chenye pua baridi na ulimi wa kukwaruza kilikuwa kimeshashika, kinavuta, kinasukuma kwa kichwa, kinavuta tena mpaka kifua chote kikabaki kitupu kinauma, na Khamisi mikononi mwake analia kwa sauti inayozidi kuwa ndogo kila siku.

Mtoto akakonda akaisha. Maziwa ya mbuzi aliyatapika. Mwalimu wa msikitini alikuja akasoma mpaka sauti ikamkauka, na kwato zikangoja amalize.

"Mwanangu anakufa," Batuli alisema. "Na wewe unapiga lipu."

Ndipo Mbwana akaenda Msalato kumchukua Matonya, mganga wa Kigogo, mtu mfupi mwenye hasira za karibu. Matonya aliingia, akazungumza na sakafu kwa lugha yake, kisha akamgeukia mwenye nyumba.

"Umejenga juu ya lango la zizi. Ulipochimba msingi hukukuta miti miwili imesimama?"

"Niliing'oa," Mbwana akasema. "Nilijua ni lango. Lakini zizi lilikuwa tupu."

"Lilikuwa tupu kwa macho ya watu. Majini nao hufuga. Ng'ombe wao walilala humu pamoja na wa watu, na walipohamishwa watu, wao hakuna aliyewaambia. Mama zao wanarudi jioni wanakuta ukuta. Ndama wamebaki ndani na njaa. Sasa ulitaka wanyonye nini?"

"Nifanye nini, mzee?"

"Rudisha lango. Huku na huku, wapite."

Mbwana akatazama ukuta. Kila jiwe alilichonga mwenyewe. Na kuutoboa ukuta wa barabarani bila ruhusa ya mpima ilikuwa hamsa ishirini, viboko vya ngozi ya kiboko, hadharani. Khamisi hakulia tena wakati huo, alikuwa anafungua mdomo tu. Mbwana akachukua nyundo.

Magharibi ile walijibanza pembeni wote watatu, Batuli kamkumbatia mwanawe. Kwato zikapanda, zikafika, na safari hii hazikusimama. Joto likapita katikati ya nyumba, mbavu zisizoonekana zikikwaruza mawe, kundi refu lisilokwisha, na ndani ndama wakalia kwa furaha, halafu pakawa kimya, kimya cha kunyonya.

Mbwana alichapwa viboko vyake mbele ya stesheni. Hakujuta. Khamisi alikuwa ameanza kunenepa.

Alinenepa mashavu, alinenepa mapaja, akaanza kutambaa. Mwantum, jirani yao, alimbeba siku moja akacheka.

"Mama Khamisi, una maziwa ya kutosha mapacha."

Batuli hakucheka. Hakuwa na hata tone. Kifua chake hakikurudi tena. Ila kila magharibi Khamisi alitambaa mwenyewe mpaka penye lile lango, akainua uso gizani, na aliporudi kidevu chake kilikuwa kimelowa povu la maziwa ya moto. Angemzuia vipi? Akimzuia, atakula nini?

Kwa hiyo akawa anamwacha jioni. Bali alfajiri, kundi linapoinuka kwenda malishoni, Batuli alimfunga kwenye kiuno chake mwenyewe kwa kaniki, mafundo mawili, akashika nguzo. Khamisi alinyoosha mikono kuelekea nje. Na kila alfajiri kaniki ilivutwa kwa nguvu zaidi, na aliyekuwa akivuta si Khamisi.