Akaunti ya Marehemu Karani

Haya yalimpata binamu yangu, fundi wa kompyuta katika hospitali kubwa, na yeye si mtu wa kutia chumvi. Jumatatu asubuhi alipewa kazi ya kawaida: kuunganisha seva ya wodini na ile ya mochwari, ili mafaili ya wagonjwa yafunguke pande zote mbili, watu waache kukimbizana na makaratasi kwenye korido. Moyo wake ulikuwa mzito siku hiyo. Mama yake alikuwa amelazwa wodi namba nne, hali si nzuri, naye alitaka kumaliza mapema akamnyweshe uji.

Folda ya pamoja huhitaji akaunti yenye ruhusa pande zote. Kuomba akaunti mpya kulitaka barua na sahihi tatu. Lakini kwenye seva ya mochwari ilikuwapo akaunti ya karani wa zamani, mama aliyefariki mwaka uliopita, na hakuna aliyekumbuka kuifuta. Ruhusa zote ilikuwa nazo. Binamu yangu akaitumia hiyo hiyo.

Mhudumu wa mochwari alipoliona jina kwenye skrini, aliacha kupiga deki.

"Fundi, huyu umemrudisha wa nini?" akanong'ona.

"Ni akaunti tu, mzee wangu."

"Yule mama hakuwa akingoja maiti iletwe. Faili aliliandaa kabla, na hakuwahi kukosea hata siku moja. Tulikuwa tunamwogopa."

Binamu yangu akacheka, akamwambia kompyuta haina habari nani kafa nani yuko hai. Mzee akachukua ndoo yake akatoka.

Saa nne, mafaili mawili ya wagonjwa wa wodi namba nne yalikuwa yamehamia upande wa mochwari. Aliyeyahamisha: karani. Fundi akadhani kakosea mpangilio, akayarudisha. Yakahama tena. Saa sita zikaletwa machela mbili zilizofunikwa shuka, na majina yalikuwa yale yale. Hapo utani ukamwisha.

Saa saba likahama faili la tatu. Lilikuwa la mama yake.

Akalirudisha. Likagoma. Skrini ikaandika: faili hili linatumika na mtu mwingine. Akaifuta ile akaunti. Ikarudi. Akachomoa waya wa mtandao. Faili likaendelea kujazwa, herufi moja moja, taratibu, kama mtu asiye na haraka. Jina. Umri. Wodi. Halafu kwenye nafasi ya ndugu wa karibu, maandishi yakasimama.

Alikimbia.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, macho maangavu, anajipepea kwa upande wa khanga.

"Mama, uko salama?"

"Nimeamka mzima kabisa, baba. Alikuja karani mmoja hapa, mpole sana. Kaniuliza nani ndugu yangu wa karibu, nikamtajia majina yako yote matatu. Akasema basi nipumzike, atashughulika na wewe."

Binamu yangu akamgeukia muuguzi. Muuguzi akatikisa kichwa. Hakuna aliyeingia wodini tangu saa sita.

Mama aliruhusiwa siku ya tatu, na mpaka leo anatembea kwa miguu yake. Zile seva hazijaunganishwa tena. Ila kwenye seva ya mochwari kuna faili lenye majina matatu ya binamu yangu, na kila akijaribu kulifuta anaambiwa linatumika na mtu mwingine. Limejazwa lote isipokuwa tarehe. Kila asubuhi, kabla hajavua koti, hulifungua kwanza.

Wiki iliyopita alikuta mwaka umeshaandikwa. Nilimuuliza ni mwaka gani. Aliniomba tu niwe napita kumjulia hali mama yake.