Mkono wa Kazi

Lifti ya jengo la ofisi ilikwama saa nne asubuhi, watu wamejaa pomoni. Fundi alipoufungua mlango kwa nguvu, aliwakuta wanacheka, na katikati yao msichana wa gauni la njano, nywele bado mbichi kwa maji ya chumvi.

"Kwa kawaida nakuta watu wanalia," alisema fundi.

"Kutuliza waoga ndiyo kazi yangu, kaka."

Kweli ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila siku alitoka na boti ya shangazi yake kuwapeleka wageni wakaogelee karibu na potwe, yule papa mkubwa kama basi, mpole, asiye na habari na mtu. Fundi aliomba namba palepale, na kwa miezi mitatu simu zao hazikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula, roho yangu. Leo umening'inia ghorofa ya ngapi?"

Basi shangazi, kwa kutafuta wateja, akaweka picha mtandaoni: msichana chini ya maji na mgeni kifua wazi, wameshikana mikono, vidole vimepishana. Simu ikaja kabla hajakausha nywele.

"Huyo ni nani?"

"Mteja. Ni mkono wa kazi tu. Nisipowashika wanamgusa potwe, na ni marufuku."

"Mpaka vidole vipishane?"

"Maji yanavuta, jamani."

"Mimi nimechoka. Chagua: mimi au boti."

Akakata. Siku nne msichana hakutulia. Akikaa, anasimama, akisimama, anachungulia simu ndani ya mfuko wake wa plastiki, hadi shangazi akamwambia, "Utaitoboa kwa macho, mwanangu." Alimpenda yule fundi, tena sana. Lakini kila alipojiwazia nchi kavu, nyuma ya meza, akikata tiketi, pumzi zilimbana.

Siku ya tano walipanda wateja kumi. Wa kumi alikuwa fundi, jaketi la kuokolea limemkaba hadi kidevuni. Ghorofa ya ishirini haimtishi, ila kuogelea hajui hata kwenye beseni.

"Sijaja kugombana," alinong'ona. "Nimelipa kama wenzangu."

"Potwe huyo, ingieni," shangazi akaita kutoka kwenye usukani.

Fundi aliruka, akameza funda la maji ya chumvi, akapapasa. Msichana akamdaka. Chini yao potwe akapita polepole, mgongo umejaa madoa meupe, mrefu hata ukadhani hana mwisho. Fundi akanyoosha mkono amguse, msichana akamvuta nyuma. Mkondo ukawayumbisha, na vidole vyake vikajipenyeza vyenyewe katikati ya vya msichana.

Waliinua vichwa kando ya ngazi ya boti. Fundi alikohoa hadi macho yakawa mekundu.

"Nimeona mwenyewe. Nisamehe, ulikuwa wivu wa kijinga."

"Nimeshachagua," alisema msichana. "Boti."

"Basi nikuoe pamoja na boti yako. Ukinikubali."

Shangazi akainama juu yao. "Mambo ya ndoa yazungumzwe nyumbani. Wateja wangu wamezagaa huko."

Msichana alitaka kulia, akataka kucheka. Ng'ambo kidogo, mgeni mmoja wa kiume alikuwa anapiga maji ovyo kwa hofu.

"Shika ngazi," alimwambia fundi. "Nina watu tisa majini. Nikirudi, niulize tena."

Akaogelea hadi kwa yule mwanamume, akamshika mkono, akapishanisha vidole. Fundi aliona yote. Akaikumbatia ngazi, akasubiri.